Kufuli Lenye Jina la Bi Mashavu

Kufuli ndilo lililomtia Bi Mashavu matatani, tena kufuli lenyewe halishikiki kwa mkono. Ni kile kialama kidogo kinachojitokeza juu ya kioo cha simu, ubavuni mwa anwani ya duka la mtandaoni, kumwambia mteja atulize moyo, hapa pako salama. Ismail alikuwa amekipiga picha, akaikuza, akaichapisha kwenye karatasi ya rangi. Asubuhi ile aliiweka juu ya meza ya Inspekta Mayasa na kuisukuma mbele kwa vidole viwili.

"Soma mwenyewe, Inspekta. Nilibonya kufuli, cheti kikafunguka. Jina la biashara: Singo la Mashavu. Mji: Zanzibar. Nchi: Tanzania. Sasa atokee mtu aniambie huyu si yeye."

Ismail alikuwa kijana wa Malindi ya hapa mjini aliyehamia Maskati kufanya kazi ya benki. Alitua usiku wa jana na mzigo wa vitu viwili tu: kopo la singo, ule mchanganyiko wa kunukia wanaosuguliwa mabibi harusi, lililofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, na picha ya dada yake, Ummy. Ummy alikuwa bi harusi mtarajiwa. Siku ya kwanza ya kusingwa walimpaka singo lile uso mzima, na kufika magharibi uso ulikuwa umevimba. Picha ilionyesha mashavu yaliyochunika kutoka kipajini hadi kidevuni. Harusi imeahirishwa, na bwana harusi, kwa maneno ya Ismail, "hajapiga simu tena."

Mayasa aliitazama picha mara moja akaigeuza kifudifudi. Hakukosa huruma. Alikuwa na binti wa rika lile nyumbani, na akijua akiitazama sana hatofanya kazi.

"Yalikuwepo maduka mawili," alisema. "Jina moja, anwani mbili."

"Naam. Zinatofautiana mwisho tu. Duka moja lina kufuli lakini ukilibonya hamna jina, ni cheti cha bure, anapewa yeyote. Tena limeandikwa limefungwa kwa msiba. La pili liko wazi, linauza, na ndani ya kufuli mna jina kamili. Sisi benki tunafundishwa kuangalia jina. Nikasema hili la msiba ni la tapeli, anajisingizia kufiwa." Aliigusa picha iliyolala kifudifudi. "Mimi ndiye niliyemchagulia dada'angu, Inspekta. Yeye alitaka lile jingine, akasema atangoja litafunguliwa. Nikamwambia usiwe mjinga."

Mayasa alimwandikia hati ya kupokea kopo, akamwambia akapumzike kwa jamaa zake. Majibu ya mkemia kuhusu kopo la mwanzo, lililotumwa na polisi wa Maskati, yalishafika. Ndani ya singo mlikuwa na dawa ya kung'arisha ngozi, ya aina iliyopigwa marufuku zamani.

Afande Wakil, mkuu wake, aliingia bila kubisha. Ndiyo tabia yake.

"Jalada liko tayari?"

"Sikiza hii kwanza, afande."

Kampuni iliyouza cheti ilikuwa ng'ambo. Mayasa aliiandikia rasmi, nayo ikaleta kila kilichotumika kuombea: nakala ya leseni ya biashara ya Bi Mashavu, na rikodi ya simu. Cheti chenye jina hakitolewi mpaka kampuni ipige namba iliyoandikwa kwenye leseni na kuzungumza na mwenye biashara. Namba ilikuwa ya simu ya duka. Mayasa aliibonya rikodi. Mzungu aliuliza, mkalimani akafasiri.

"Naongea na Bi Mashavu, mmiliki wa biashara?"

Sauti ya mwanamke ilijibu, mbali, yenye mikwaruzo. "Ndiye mimi. Semeni upesi, mikono yangu imo kwenye singo."

"Unathibitisha kuwa ni wewe uliyeomba cheti hiki?"

"Nathibitisha."

Basi. Rikodi ilikatika hapo.

"Leseni yake, simu yake, jina lake," Wakil alisema. "Unangoja nini? Jalada liende kwa waendesha mashtaka leo."

"Huyu mwanamke ni kizuka, afande, mjane wa kukaa ndani miezi minne na siku kumi. Mumewe, Mzee Muhiddin, kafa mwezi wa Shaabani. Cheti kimetolewa Mfungo Mosi, sikukuu imeshapita. Alikuwa eda, na mpaka leo yuko eda. Mwanamke wa eda hagusi manukato, seuze singo."

"Eda ni baina yake na Mola wake. Watu wanavunja eda kila siku, Mayasa. Korti haitomuuliza kama katia marashi."

"Mimi nitamuuliza."

"Utamuuliza nini? Unamtetea kwa sababu ni Bi Mashavu."

"Mkeo wewe alisingwa na nani, afande?"

Wakil aliangalia dirishani. Mji mzima unajua nani kawasinga mabibi harusi wa mji huu. Walioolewa wao, wakaja kuolewa mabinti zao, wote walipita mikononi mwa mwanamke mmoja, na hapajatoka hata mmoja na kipele.

"Mpaka jioni," alisema. "Ukirudi mikono mitupu, linakwenda na jina lake juu."

* * *

Duka liko Mkunazini, kwenye kichochoro ambacho gari haliingii. Aliyemfungulia mlango alikuwa Muzdalifa, binti wa mwisho wa Bi Mashavu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mchangamfu, macho yenye usingizi. Alisema duka limefungwa tangu baba yake afe, yeye huja kufagia tu ili panya wasifanye makao.

Mgeni ni mgeni, hata akiwa polisi. Kabla ya maswali, Muzdalifa aliwasha chetezo, akatia kipande cha udi, akamkaribisha Mayasa asimame juu yake ili moshi upande ndani ya buibui. Mayasa hakukataa. Kumkatalia mwenyeji udi ni utovu wa adabu, na kusema kweli udi wenyewe ulikuwa mzuri.

"Nani aliyechagua cheti cha duka la mtandaoni?" aliuliza, moshi ungali unapanda.

"Ilham, mtoto wa dada yangu. Yeye ndiye fundi wa mambo hayo, sisi wengine tunaburuzwa tu. Mimi nilisema toka mwanzo, tununueni chenye jina, wateja wa Maskati wanauliza. Yeye kashikilia cha bure kinatosha. Basi, bibi yake akamsikiza yeye."

"Uliudhika?"

"Nilisema tu. Kwani mimi hunisikizwa?" Alicheka kidogo, lakini macho hayakucheka.

"Na hiki chenye jina, kanunua nani?"

"Nitajuaje, Inspekta? Labda kabadilisha mawazo. Vijana hawa, leo hivi, kesho vile."

"Makaratasi ya leseni yanakaa wapi?"

Muzdalifa alivuta mtoto wa meza, ile droo. Yalikuwemo makaratasi, chini ya pakiti za udi na chupa za marashi ya waridi, moja inavuja. Mayasa aliinua leseni kwa ncha za vidole. Karatasi ilikuwa na doa la mafuta, na harufu yake ilimfika kabla hajaisoma.

"Ilham ana picha za haya yote kwenye simu yake," Muzdalifa aliongeza bila kuulizwa.

Mayasa alizunguka. Makopo matupu yalipangwa ukutani, aina ileile ya kopo la Ismail, lakini makopo yale yanauzwa Darajani kwa yeyote. Mashine ya kusagia ilikuwa safi, haina hata chembe ya vumbi. Aliigusa, akaangalia kidole.

"Nasafisha kila wiki," Muzdalifa alisema. "Mama akirudi akute pachafu, atanikata maneno."

"Simu ya duka iko wapi?"

"Kwa mama, Jambiani."

"Tangu lini?"

"Tangu alivyoingia eda. Simu yake, jina lake, angemwachia nani?"

Jibu lilitoka laini, mkono ukipangusa meza iliyokwisha pangusika. Kwa jibu hilo kila kitu kilikaa sawa kwa Afande Wakil: simu ilikuwa Jambiani, na nyumba ya Jambiani ilikuwa na wanawake wawili tu, Bi Mashavu na mjukuu wake aliyekwenda kumhudumia. Ama bibi mwenyewe kapokea, ama Ilham kajifanya bibi. Mayasa alianza kuelemea kwa Ilham. Ana picha za leseni, anajua kununua cheti, anakaa nyumba moja na simu. Ilimkera kidogo jinsi jibu lilivyokuwa jepesi.

"Nnakwenda Jambiani sasa hivi," alisema. "Twende sote, unionyeshe nyumba."

"Leo? Leo nna shughuli kidogo..."

"Humwendei mama'ko?"

Muzdalifa aliutazama ufunguo mkononi mwake. Binti gani atasema hataki kwenda kumwona mama yake aliye edani?

"Haya. Ngoja nifunge."

* * *

Mayasa aliendesha mwenyewe. Walipita Tunguu, wakapunguza mwendo Jozani kuwapisha kima waliokuwa wanavuka barabara kwa mapozi yao, wakashika njia ya Paje. Muzdalifa alizungumza sana: bei ya karafuu, joto, harusi zilizopita mwezi ule. Mayasa aliitikia na kusikiliza sauti. Ilifanana na ile ya kwenye rikodi. Lakini mama na binti hufanana sauti, na mjukuu naye huenda akawa nayo, na rikodi ilikuwa mbovu. Hakimu angeitupa nje.

Nyumba ya Bi Mashavu iko nyuma ya msikiti, ukuta wa mawe ya matumbawe, uani pameanikwa mwani wa jirani. Ilham alitoka kuwapokea, msichana mwembamba mwenye miwani, leso ya jikoni ingali begani.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Amekuja mgeni wa bibi, kutoka polisi."

Ilham alimsalimu Mayasa, akamkaribisha, kisha akasita mlangoni. Alinusa, akakunja uso.

"Samahani, mama'angu. Umefukizwa udi?"

"Nimefukizwa, ndiyo."

"Basi nisamehe, hutoweza kuingia hivyo. Vua buibui tulitundike nje, nikupe maji unawe, na kanga ya kujifunga. Bibi hataki harufu iingie kule ndani. Wengine hawajali, alimradi kizuka mwenyewe hajajitia. Yeye anajali."

Mayasa alishangaa, halafu akaona haya kuwa ameshangaa. Alivua buibui. Alipogeuka kumtafuta Muzdalifa, hakumwona. Alikuwa ameshafika uani. Hakuambiwa na mtu. Buibui lake lilikuwa tayari kwenye kamba, yeye kainama juu ya ndoo anajisugua mikono kwa sabuni ya kufulia mpaka viwiko, na kwenye msumari ilikuwa inamngoja kanga iliyofuliwa ikapauka. Ilikuwa kanga yake ya kila siku ya kuingilia kwa mama yake.

Mayasa alinawa polepole.

"Kwa nini ulichagua cheti cha bure?" alimuuliza Ilham, aliyekuwa anammiminia maji.

"Kwa sababu kinatosha. Cheti cha bure kinasema kitu kimoja: mlango huu ndio mlango wenye anwani hii, na maneno yako yanapita bila mtu kuyachungulia njiani. Cheti chenye jina kinaongeza: mlango huu wa fulani, ana leseni, tumempigia simu akaitika. Lakini kufuli ni lilelile, nguvu ileile. Hakuna hata kimoja kinachokwambia ndani ya duka mnauzwa nini."

"Kwa hiyo kopo la sumu..."

"Linalipiwa kwa usalama kabisa. Mama mdogo hakunielewa. Alisema chenye jina kitaleta heshima. Bibi akasema, wateja wangu wananijua kwa singo langu, wakitaka jina wanajua pa kuniuliza. Tukaacha. Baba alipokufa, maana mimi babu yangu nilikuwa namwita baba, nikaandika duka limefungwa kwa msiba. Bibi hawezi kugusa singo, sasa tuuze nini?"

"Wewe umeuza singo Mfungo Mosi?"

"Mimi? Mimi sijui hata kulisaga."

"Kuna mtu kaomba cheti chenye jina, kwa duka la pili. Kampuni ikapiga simu ya duka, akapokea mwanamke, akasema yeye ni Bi Mashavu."

Maji yalikatika. Ilham alishika kata ya maji hewani. "Duka la pili lipi?"

Mayasa aliutazama uso ule. Ama msichana huyu ni mwongo wa kupigiwa mfano, ama anasikia habari hii sasa hivi. "Nipe hiyo simu ya duka niione," alisema.

"Simu ya duka? Mbona haipo huku."

"Mama yako mdogo kasema iko kwa bibi."

"Ile?" Ilham alicheka, kicheko cha mshangao. "Ile imelala ndani ya mtoto wa meza pamoja na udi na marashi tangu iliponunuliwa. Ukiiweka sikioni unanukia kichwa kizima mpaka kesho. Wewe mwenyewe nimekuzuia mlangoni kwa buibui tu! Wallahi haijakanyaga nyumba hii. Bibi akitaka kuzungumza na mtu anatumia yangu. Siku tunamleta huku baada ya maziko yeye ndiye aliyesema, ile iacheni mjini, akae nayo..."

Akakoma. Ng'ambo ya ua, Muzdalifa alikuwa anakaza kanga kiunoni.

"Akae nayo nani, Ilham?"

"Sikusema kitu."

"Mjini duka limefungwa. Ufunguo ana nani?"

Ilham aliinama kuokota sabuni iliyokuwa haijaanguka. Mayasa hakumshikilia. Jibu alishalipata: Muzdalifa aliyajua masharti ya mlango ule kuliko yeyote, aliyafuata kila alipokuja, na asubuhi ile alimtazama polisi usoni akasema simu yenye harufu ya udi iko chumbani kwa mama yake. Alisahau tu kuwa polisi mwenyewe atafika mlangoni ananukia udi wake yeye.

* * *

Bi Mashavu alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo wima, kanga iliyopauka, vidole bila pete, macho bila wanja. Mikono yake ilikuwa mikubwa kuliko Mayasa alivyoikumbuka. Alimsinga yeye pia, zamani, na hapana shaka hamkumbuki.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Poleni na msiba. Mungu amrehemu mzee."

"Amin. Ameshatangulia, na sisi njia yetu hiyohiyo."

Muzdalifa alikaa karibu na ukuta. Ilham alisimama mlangoni. Mayasa alieleza kwa ufupi: duka la pili, cheti, kopo, Maskati. Kisha akaiweka picha ya Ummy juu ya mkeka, kifudifudi, bila kuigeuza.

"Kuna sauti nataka uisikie," alisema, akabonya.

*Ndiye mimi. Semeni upesi, mikono yangu imo kwenye singo.*

Bi Mashavu alisikiliza mpaka mwisho. Macho yake yalimwendea Muzdalifa, yakatoka upesi, yakashuka mkekani. Mama haulizwi kama anaijua sauti ya mwanawe.

"Mimi huyo," Bi Mashavu alisema.

"Bibi!" Ilham alimaka.

"Nyamaza wewe. Mimi huyo, Inspekta. Simu nilikuwa nayo mimi."

"Humu ndani?"

"Humu ndani."

Mayasa alivuta kalamu. Alikuwa na hasira, na hakujua amkasirikie nani. "Nitaandika kama ulivyosema, bibi, na utatia sahihi. Nitaandika kwamba Mzee Muhiddin kafa Shaabani, na Mfungo Mosi, wewe ungali ndani ya eda yake, ulikuwa na mikono kwenye singo. Waridi, asumini, liwa. Uliyakanda humu, chumbani mwake. Itasomwa kortini mbele za watu. Niandike?"

Kidole kimoja cha Bi Mashavu kilikuwa kinaupapasa mkeka, kinakwenda na kurudi.

"Andika," alisema.

"Kwamba hukumkalia eda mumeo."

"Nimesema andika!"

"Usiandike!" Muzdalifa alikuwa amesimama. "Mama, usiseme hivyo. Nseme mimi vyovyote, lakini usimseme baba hivyo. Umekaa humu kwa ajili yake, hujatoka hata mlangoni, halafu useme..." Alimgeukia Mayasa. "Simu nilikuwa nayo mimi. Sauti yangu. Cheti nimeomba mimi, na makaratasi nimeyatoa mimi kwenye mtoto wa meza. Haya, andika hilo."

"Kaa chini," Mayasa alisema.

"Sikai. Wateja walikuwa wanapiga simu kila siku. Mfungo Mosi nzima, harusi juu ya harusi! Kila nikisema tumefungwa, wanasema basi tutatafuta kwingine. Mama angetoka eda akute hana mteja hata mmoja. Mimi si kizuka, mimi msiba wangu ulikwisha siku ya tatu. Nimesaidia kusaga miaka yote, kwa nini nisiuze? Ilham kafunga duka lile, hanipi nywila. Nikafungua jingine, na nikalinunulia kufuli lenye jina, waone kuwa ni sisi. Kwani uongo? Si sisi?"

"Na asubuhi ulinielekeza kwa Ilham," Mayasa alisema. "Na simu ukasema iko kwa mama yako."

Muzdalifa hakumtazama Ilham. "Niliogopa," alisema.

Bi Mashavu alikuwa hajainua uso. Aliponena, alinena kwa sauti ya kazini, ile anayowaulizia wanawali kama ngozi inawasha.

"Ulitia nini ndani?"

"Nini, mama?"

"Ndani ya singo. Ulitia nini?"

"Halikutoka kama lako. Nilisaga vilevile, vipimo vilevile, halikutoka. Wakawa wanauliza mbona hatung'ai. Nikatia ile dawa ya kung'arishia, ya kwenye vikopo vidogo. Kidogo tu."

"Singo la mwili au la uso?"

"Kidogo tu, mama."

Bi Mashavu alinyoosha mkono, akaigeuza picha. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kwa muda mrefu, upande wa kulia, upande wa kushoto, kipaji, kidevu, kama anavyotazama uso wa mtu aliyekaa mbele yake.

"Anaitwa nani huyu?"

"Ummy," Mayasa alisema.

"Ana mama?"

"Anaye."

Bi Mashavu aliilaza picha juu ya mkeka, uso juu. Machozi yalimtoka bila sauti na hakuyafuta.

"Nilikuwa nishakubali kusema uongo kwa ajili yako," alimwambia binti yake. "Hata mbele ya baba'ko ningesema. Lakini hili la mtoto wa watu silibebi, Muzdalifa. Silibebi." Akamgeukia Mayasa. "Mchukue."

Mayasa alimsomea Muzdalifa haki zake palepale, kwa maneno ya kitabuni, maana hakuyaamini maneno yake mwenyewe. Muzdalifa alipiga magoti, akaibusu mikono ya mama yake. Mikono haikumsukuma wala haikumshika. Kisha akatoka, akachukua buibui lake kwenye kamba.

Mayasa alikuwa ameshafika ukumbini aliposikia nyuma yake nyayo za upesi. Bi Mashavu alikuwa ameinuka. Alifika mpaka kizingiti cha chumba chake, akashika miimo ya mlango kwa mikono yote miwili, akasimama. Kizuka havuki. Kutoka pale aliweza kuona kipande cha ua na mgongo wa binti yake unaokwenda.

"Ilham!"

"Naam, bibi."

"Vaa buibui. Nenda na mama yako mdogo. Asiingie huko peke yake."

Ilham alikuwa analia. "Yeye ndiye aliyetaka kunitupia mimi, bibi."

"Najua. Nenda."

"Na wewe utabaki na nani?"

"Nitabaki."

Garini Mayasa alifungua mlango wa nyuma. Kwa utaratibu, mtuhumiwa hakalishwi pamoja na shahidi, na Ilham ndiye shahidi wake wa kwanza. Alisimama pale ameshika mlango, akawatazama wawili wale wasiotazamana. Kisha akawapisha wote wawili waingie.